Toka Kisangani hata Kinshasa

Tazameni ramani ya Kongo. Kisangani iko mashariki, juu kidogo ya mstari wa ikweta. Kinshasa iko mbali magharibi, chini ya mstari huo. Hata mwaka 1966 miji hiyo iliitwa Stanleyville na Léopoldville. Mtu hutoka mmoja hata mwingine kwa mto au kwa ndege.

Mto hauendi moja kwa moja. Ukiisha kupita maporomoko ya Wagenia, unaelekea kwanza kaskazini-magharibi hata Bumba na Lisala, ndipo unageuka kusini, unapita Mbandaka na kufika Kinshasa. Njia hiyo ni kilometa 1,734. Njia ya ndege ni kilometa 1,220 hivi. Fikirini upinde wa mwindaji: mto ndio mti uliopindwa, na njia ya ndege ndiyo kamba yake.

Ndege kubwa huenda kama kilometa 800 kwa saa moja. Pamoja na kupanda na kushuka, safari yake ni karibu saa mbili. Mashua inayosukuma vyombo vya mizigo huchukua majuma, maana kuna mafungu ya mchanga, tena watu wa vijiji huja na mitumbwi kuuza samaki na mihogo. Lakini mwenye magunia mia ya mchele hatayapakia katika ndege. Yeye njia yake ni mto.

Sasa jibuni swali hili. Ndege inaondoka Kisangani saa mbili ya asubuhi, nayo inaruka muda wa saa mbili. Itafika Kinshasa saa ngapi? Mtoto mwepesi atasema: saa nne. Lakini saa za Kinshasa zitaonyesha saa tatu!

Sababu ni jua. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, digrii 15 kila saa. Kati ya miji hiyo miwili kuna karibu digrii 10, basi jua hutangulia kuchomoza Kisangani kama dakika 40. Kila mji ukifuata dakika zake, patakuwa fujo tupu. Kwa hiyo Kongo ina sehemu mbili za saa, na mashariki hutangulia magharibi kwa saa moja kamili. Ndege ikirudi, ikiondoka Kinshasa saa mbili, itafika Kisangani saa tano. Haikuchoka njiani, saa za huko zimetangulia.

Msafiri aliyetoka Kinshasa asipogeuza saa yake ataona taabu. Tiketi yake ya kurudi imeandikwa saa nane ya mchana. Anatazama mkononi: saa saba. Basi anakaa, anakula wali wake polepole, anaagana na ndugu mmoja mmoja. Halafu anasikia ngurumo juu ya paa la nyumba.