MSHAZARI WA MANYOYA YA MSHALE

Mshale una sehemu tatu zilizo kubwa: kichwa, wano, na manyoya. Wano ni ule mti wenyewe. Upote, yaani kamba ya upinde, uachiliwapo, wano hupinda kidogo kwa nguvu ya msukumo, na mkia wake hutikisika huku na huku. Manyoya yaliyofungwa nyuma hushikwa na hewa. Basi mkia huzuiliwa, kichwa hutangulia, na mshale hunyoka. Mshale usio na manyoya huyumba na kukosa shabaha.

Kando ya ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, wako Wahadzabe, ambao wengine wao hata leo hupata nyama kwa upinde. Wano lao hulipasha moto na kulinyosha kwa meno. Manyoya huyatoa kwa ndege kama kanga na tumbusi, na vichwa vingine huvifua kwa misumari ya chuma. Kwa ndege na wanyama wadogo hutumia mishale ya mti mtupu. Kwa wanyama wakubwa hupaka sumu ya mimea. Watu waishio hivyo wajua ya kuwa mshale ukienda upande, watoto hulala na njaa. Tena mnyama aliyejeruhiwa vibaya hukimbia, akateseka bure porini, wala hapana apataye faida.

Sasa, mtengenezaji aweza kuyafunga manyoya kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyafunga yakifuata wano sawasawa. Mshale wa namna hii hupita hewani kwa wepesi, lakini hauzunguki sana. Ya pili ni kuyafunga kwa mshazari kidogo. Hapo hewa huyasukuma manyoya kwa ubavu, na mshale huzunguka huku ukienda.

Faida ya kuzunguka ni nini? Hapana wano lililonyoka kabisa, wala kichwa kilicho sawa pande zote. Mshale usiozunguka, kosa lake huuvuta upande ule ule tangu mwanzo hata mwisho. Mshale uzungukao, kosa lake huelekea kulia, mara chini, mara kushoto, mara juu. Hivyo upande mmoja huondoa ubaya wa upande wa pili, na mshale huenda mbele.

Walakini faida hiyo ina gharama yake. Nguvu ya kuuzungusha mshale hutoka katika mwendo wake. Mshazari ukizidi, hewa huyashika manyoya mno, mwendo hupungua upesi, na mshale huanguka kabla ya kufika. Kwa hiyo mafundi wengi hawapiti digrii chache. Mshazari wa digrii 3 ni sehemu moja tu katika 30 za pembe ya ukurasa wa kitabu. Unyoya wenye urefu wa inchi 4 ukifungwa hivyo, mwisho wake wa nyuma huwa umehama kiasi cha sehemu ya tano ya inchi. Ni kidogo, lakini chatosha.

Kichwa cha mshale ndicho kiamuacho. Kichwa chembamba hakishikwi na hewa, basi manyoya yaliyonyoka au yenye mshazari mdogo yatosha. Kichwa kipana cha chuma ni kama bawa dogo lililowekwa mbele. Chataka kuuongoza mshale chenyewe. Huo wahitaji manyoya makubwa zaidi na mshazari zaidi, ili mkia uushinde uongozi wa kichwa. Tena wako wapigao ndege juu ya miti, ambao makusudi huweka manyoya mapana yenye kuzuia sana, mshale usiende mbali ukapotea.

Liko jambo moja lisilosahauliwa na fundi. Manyoya ya bawa la kulia yamepinda upande mmoja, na ya bawa la kushoto upande wa pili. Yote ya mshale mmoja sharti yatoke mabawa ya upande mmoja, na mshazari ufuate upindo wake. Yakichanganywa, moja lataka kuuzungusha mshale kulia na jingine kushoto, nayo yote hushindana.

Ili mshazari uwe sawa, fundi hutia alama za makaa juu ya wano kabla ya kufunga, akapima kila unyoya kwa kipimo kile kile. Kisha huujaribu mshale kwa kulenga kichuguu. Ukiyumba, huufungua na kuufunga tena. Afadhali mshale ukose kichuguu mara kumi nyumbani kuliko kumkosa mnyama mara moja porini.