Breketi ya Springi Huanza Kufa Ukingoni

Gereji za Arusha zinazorefusha Land Cruiser kwa ajili ya utalii zina kazi moja ambayo mtalii haioni hata akiinama kufunga kamba za viatu: breketi. Ni vipande vya bamba la chuma, mara nyingi la milimita 6 au 8, vinavyochomelewa kwenye chesisi ili vishike jicho la springi au kichwa cha shokapu. Gari likishabadilishwa urefu au kimo, breketi za kiwandani haziangukii tena mahali pake, hivyo fundi hukata zake. Azikate kwa grenda, gesi, plasma au leza?

Wengi huanza na bei. Mimi huanza na barabara. Chukua ile ya changarawe kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, maarufu kwa mawimbi yake. Tuseme mawimbi yameachana mita moja na gari linakwenda kilomita 50 kwa saa: kila tairi linapigwa mara 50,000 kwa saa moja. Chuma kinachopigwa namna hiyo hakivunjiki kwa kuzidiwa uzito siku moja, kinachoka. Ufa wa uchovu hupenda kuanzia penye mkwaruzo, kona kali au kishimo, na vyote hivyo viko ukingoni, pale chombo cha kukatia kilipopita. Kwa hiyo ninapolinganisha namna za kukata, natazama vitu viwili: ukingo unaobaki, na tundu la bolti.

Gesi ndiyo mkongwe wa mafundi wetu. Mtungi wa oksijeni na wa asetilini hukupeleka popote, hata pasipo umeme. Chuma hupashwa hadi kiwe chekundu, kisha mkondo wa oksijeni huunguza chuma chenyewe na kukipeperusha; ndiyo maana njia hii haikati alumini wala chuma kisichoshika kutu. Kwa bamba la milimita 25 haina aibu. Kwa bamba la milimita 6 hupeleka joto jingi mno: kipande hujikunja, mavi ya chuma huganda upande wa chini, na ukingo huwa na mistari inayohitaji grenda kwa muda mrefu. Itumie kuondoa breketi ya zamani, nawe ukiwa umelihamisha tangi la mafuta.

Grenda inadharauliwa bure. Diski nyembamba ya milimita 1 hukata mstari ulionyooka bila joto kubwa, na kwa breketi mbili tatu za gari moja hakuna haja ya kwenda mbali. Ubaya wake uko kwenye kona za ndani. Diski ni duara, kwa hiyo ili kona ikatike hadi chini, fundi huipitiliza kidogo kila upande. Tazama kona hiyo kwa karibu: utaona mifereji miwili myembamba imeingia ndani ya bamba kuliko mchoro ulivyotaka. Huo ni ufa ulioanzishwa kwa mkono. Toboa kwanza tundu la drili penye kona, kisha kata mistari iishie kwenye tundu. Kona itabaki na mviringo, na mviringo hugawa nguvu badala ya kuirundika mahali pamoja.

Plasma ina uzuri mwingi na hila nyingi. Hukata bamba la milimita 8 upesi, na ikiwa juu ya meza inayoongozwa na kompyuta hufuata mchoro wowote. Lakini mashine nyingi hutumia hewa ya kompresa, na sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni. Naitrojeni hiyo huingia kwenye ukingo ulioyeyuka. Ukichomelea juu yake hivyo hivyo, weldi inaweza kujaa vitundu vya gesi ndani, hata kama kwa nje inang'aa. Saga ukingo hadi ufikie chuma safi kabla ya kuchomelea. Dar es Salaam na Mombasa kuna adui mwingine: unyevu. Maji yanayokusanyika kwenye tangi la kompresa yakifika kwenye bunduki ya plasma, nozo huliwa haraka na mkato huyumba. Chujio la maji si la kusubiri pesa zikizidi.

Tundu la plasma nalo huelekea kuwa pana upande mmoja na jembamba mwingine. Bolti ya milimita 12 ikikaa humo hugusa ukingo mmoja tu, inacheza, na baada ya safari chache dereva anasikia mgongo wa gari ukigonga. Afadhali plasma itie alama ya kati tu, tundu litobolewe kwa drili. Ukikata kwanza tundu dogo kwa plasma ukafikiri utalipanua, ukingo wake mgumu utamaliza makali ya drili.

Leza ndiyo safi kuliko zote kwa unene huu: kona zake ni sahihi, joto lake halisambai sana, na tundu la bolti linaweza kutoka tayari. Hata hivyo, ikikata kwa oksijeni huacha ngozi nyembamba ya oksaidi ukingoni. Usipoiondoa, rangi hubanduka hapo na kutu huingia. Mkato wa maji hauna joto kabisa, na ningeulipia kama breketi ni ya alumini. Kwa chuma laini cha kawaida, hapana.

Mashine yoyote haitakuokoa ukikosea chuma. Majani ya springi kuukuu hutengeneza mapanga mazuri, lakini kaboni yake ni nyingi: yakikatwa kwa moto au kuchomelewa bila uangalifu, sehemu iliyopashwa huwa ngumu na kupasuka. Nunua bamba la chuma laini.

Kwa gari moja, grenda na drili vinatosha. Kwa magari kumi ya mfano mmoja, peleka mchoro kwenye leza. Plasma ni ya gereji iliyo tayari kusaga kila ukingo. Ukikabidhiwa breketi, pitisha kucha ukingoni kabla haijachomelewa. Ikikwama, irudishe isagwe.