Vidonge vya Kalsiamu na Vitamini D: Nguzo ya Tiba ya Mifupa, Si Tiba Yenyewe

Mwanamke anapokoma hedhi, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55, ovari zake hupunguza sana utengenezaji wa estrojeni, na kwa kuwa homoni hiyo ndiyo inayozidhibiti seli zinazobomoa mfupa zisizishinde zile zinazoujenga, uwiano uliodumu tangu ujana huvurugika. Mfupa ni tishu hai ambayo hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Ubomoaji ukizidi ujenzi kwa miaka mingi, kuta zake za ndani hukonda, matundu hupanuka, na hali inayoitwa osteoporosisi hujengeka bila maumivu wala dalili. Tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeitambua hali hiyo kwa kupima wingi wa madini katika mifupa na kuulinganisha na wastani wa wanawake vijana wenye afya. Kwa mgonjwa mwenyewe, hata hivyo, dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvunjika nyonga, kifundo cha mkono au pingili za uti wa mgongo kwa sababu ya anguko dogo ambalo lisingemdhuru kijana.

Mgonjwa akishaandikiwa dawa, karibu kila mara huandikiwa pia vidonge vya kalsiamu na vitamini D, na hapo huzuka makosa mawili yanayopingana. Wapo wanaoviona vidonge hivyo kuwa ndiyo tiba, wakaiacha dawa iliyo ghali au inayosumbua tumbo. Na wapo wanaoviona kuwa ziada isiyo na maana, wakanunua dawa na kuviacha. Historia ya utafiti wa miaka zaidi ya thelathini inaonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea.

Kazi ya kalsiamu mwilini

Mwili wa mtu mzima una takriban kilo moja ya kalsiamu, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki ndicho kinachowezesha moyo kudunda, misuli kujikaza na damu kuganda, na ndiyo sababu mwili haukubali kiwango chake katika damu kishuke. Kinapopungua, tezi nne ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo, ziitwazo parathiroidi, hutoa homoni inayoamuru mfupa uachilie kalsiamu yake. Vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa nguvu ya jua kabla ya ini na figo kuikamilisha, huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu kutoka katika chakula. Ikikosekana, hata mlo wenye madini ya kutosha hupita bila kuufaidisha mwili, na mfupa huendelea kulipa deni la damu.

Je, kulijaza pengo hilo kunazuia kuvunjika? Tafiti mbili mashuhuri zilitoa majibu yanayoonekana kupingana. Nchini Ufaransa, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulihusisha wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi katika makazi ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 84, ambao nusu yao walipewa kila siku miligramu 1,200 za kalsiamu pamoja na yuniti 800 za vitamini D. Baada ya miezi 18, waliotumia vidonge hivyo hadi mwisho walikuwa wamevunjika nyonga kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao waliopewa vidonge bandia. Nchini Marekani, utafiti wa wanawake 36,282 uliochapishwa mwaka 2006 uliona msongamano wa mfupa wa nyonga ukiongezeka kwa takriban asilimia moja tu, kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiwango cha kuthibitisha manufaa, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Tofauti hiyo inaeleweka mtu akitazama hali za washiriki: wakongwe wa Ufaransa walikuwa na upungufu wa vitamini D na kalsiamu, ilhali wengi wa wanawake wa Marekani walikuwa tayari wanapata kalsiamu ya kutosha. Kidonge humfaa aliyepungukiwa, na aliyetosheka hakimwongezei kitu ila hatari.

Dawa haikupimwa peke yake

Majibu hayo yanahusu wanawake kwa jumla. Mwanamke aliye katika matibabu ana sababu nyingine. Alendroneti, kidonge kinachozipunguza kasi seli bomozi, ilipofanyiwa utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1996, washiriki ambao chakula chao kilikuwa na upungufu wa kalsiamu walipewa madini hayo pamoja na vitamini D. Vivyo hivyo katika utafiti wa asidi ya zoledroniki wa mwaka 2007, dawa inayotiwa mshipani mara moja kwa mwaka, na ule wa denosumabu wa mwaka 2009, sindano ya chini ya ngozi ya kila miezi 6: kundi la dawa na kundi la dawa bandia yote yalipewa kalsiamu na vitamini D. Manufaa yaliyothibitishwa, kwa hiyo, ni ya dawa iliyotolewa juu ya msingi huo, na anayeuondoa msingi hawezi kudai matokeo yaleyale.

Sababu ya pili ni usalama. Dawa zenye nguvu zinapofunga mlango wa kalsiamu kutoka mfupani, damu hubaki kuutegemea utumbo peke yake, na kama chakula na vitamini D havitoshi, kiwango cha kalsiamu huweza kushuka hadi mgonjwa akahisi ganzi kuzunguka midomo na vidoleni, misuli ikakakamaa, au moyo ukabadili mapigo. Wenye ugonjwa wa figo ndio walio hatarini zaidi, kiasi kwamba mwezi Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali kabisa kwenye denosumabu kwa ajili yao. Ndiyo maana upungufu wa vitamini D na wa kalsiamu hupaswa kurekebishwa kabla ya sindano, si baada yake.

Kiasi, aina na saa

Mapendekezo yanayotumika sana Marekani ni miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku kwa mwanamke aliyevuka miaka 50, na yuniti 600 za vitamini D hadi umri wa miaka 70, kisha 800. Kiasi hicho hujumuisha kilichomo katika chakula, na hesabu huanzia sahanini: glasi ya maziwa ya mililita 250 ina karibu miligramu 300, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni chanzo kizuri, na ulezi umezizidi kwa mbali nafaka nyingine, ilhali kalsiamu ya mchicha hufyonzwa kidogo kwa kuwa imefungwa na oksaleti. Hata katika nchi za ikweta, mwanamke mzee anayeshinda ndani au anayejisitiri mwili mzima anaweza kukosa vitamini D, kwani ngozi hupungukiwa na uwezo wa kuitengeneza kadiri umri unavyosonga.

Kinachobaki baada ya hesabu hiyo ndicho kinachojazwa kwa kidonge. Kalsiamu kabonati, ambayo ni rahisi kupatikana, humezwa pamoja na chakula kwa sababu huhitaji asidi ya tumbo. Anayetumia omeprazoli au dawa nyingine ya kupunguza asidi hufaidika zaidi na kalsiamu sitreti. Utumbo hufyonza vizuri kiasi kisichozidi miligramu 500 kwa wakati mmoja. Alendroneti humezwa asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na kalsiamu husubiri angalau nusu saa, la sivyo huishika dawa na kuizuia isifyonzwe.

Kuzidisha nako kuna madhara yaliyothibitishwa. Utafiti wa Australia wa mwaka 2010, uliowapa wanawake wazee yuniti 500,000 za vitamini D kwa mkupuo mmoja kila mwaka, uliona wakianguka na kuvunjika zaidi. Floridi, iliyojaribiwa Marekani kama tiba ya mifupa na kuripotiwa mwaka 1990, iliongeza msongamano wa uti wa mgongo kwa asilimia 35 bila kupunguza kuvunjika kwa pingili, huku mifupa mingine ikivunjika zaidi. Vitamini A ya aina ya retinoli, iliyomo kwa wingi katika mafuta ya ini la samaki, imehusishwa na kuvunjika nyonga inapotumiwa kupita kiasi.

Kosa la hatari kuliko yote ni kubadilisha dawa kwa kidonge cha lishe. Mwanamke anayeacha denosumabu bila kupewa dawa nyingine badala yake hupoteza haraka mfupa alioupata, na baadhi huvunjika pingili kadhaa ndani ya miezi michache. Kalsiamu na vitamini D haviwezi kuizuia hasara hiyo, hata vikitumiwa bila kukosa siku moja. Anayetaka kusitisha sindano huhitaji kwanza mpango wa daktari wa dawa itakayofuata.