KOBE SHAMBANI NA KOBE UANI

Leo tunamzungumza mnyama ambaye wengi wenu hapa Tabora mmekutana naye mkifyeka au mkipalilia: kobe. Watoto humbeba nyumbani wakamfunga kamba mguuni. Pengine hupita mgeni akauliza, "Kobe mnao hapa? Mimi nanunua." Sasa, mkulima afanye nini? Amwache, amfuge, au amuuze? Tuanze kwa kumjua kobe mwenyewe.

Kobe wa kwetu

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mapori yake ni ya miombo. Katika mapori ya namna hii kuna kobe mkubwa mwenye madoa kama ya chui. Akikomaa huweza kupita kilo 10. Chakula chake hasa ni nyasi na majani.

Yuko pia kobe mdogo, urefu wake kama sentimita 20, ambaye gamba lake lina bawaba upande wa nyuma. Akishtuka hulifunga kama mlango. Huyu hula majani, uyoga, konokono na majongoo. Wakati wa kiangazi hujificha, akasubiri mvua. Wataalamu wamempa jina la Speke, yule Mwingereza aliyefika Tabora na Burton mwaka 1857, wakati mji ukiitwa Kazeh, kwa njia ya misafara itokayo Bagamoyo.

Na njia hiyohiyo, ukiifuata kurudi mashariki hadi majabali ya Ugogo, utakuta nchi ya kobe wa tatu. Huyu ni bapa kama chapati, gamba lake ni laini, naye hukaa ndani ya nyufa za mawe. Habari zake ni za kusikitisha. Katika miaka ya 1980 na 1990 wafanyabiashara walikuwa wakinunua kobe hawa na kuwasafirisha nchi za nje kwa watu wanaofuga wanyama kwa kujifurahisha. Wakamataji walipasua nyufa kwa mitaimbo. Basi ufa ukishavunjwa, hata kobe aliyebaki hana pa kulala. Na kobe huyu hutaga yai moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 2019 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kwamba biashara ya kimataifa ya kobe huyu anayetolewa porini ikome.

Kwa nini kumuuza ni hasara

Ndugu mkulima, kuku huanza kutaga kabla ya kutimiza mwaka. Kobe wa madoa porini huweza kuchukua miaka 10 hadi 15 kabla ya kuzaa. Hutaga mayai 5 hadi 20 hivi, na mayai hayo huweza kukaa ardhini miezi 8 hadi zaidi ya mwaka. Watoto wengi huliwa na nguchiro, kunguru na siafu. Kwa hiyo ukimtoa jike mmoja mzima, umetoa kazi ya miaka mingi, na pori halitaijaza nafasi hiyo upesi.

Tena kuna sheria. Kobe ni mnyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka mtu awe na kibali kabla ya kumkamata au kumfuga. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mnunuzi anayepita kijijini usiku atakuachia fedha kidogo, na kesi atakuachia wewe. Mwenye nia ya kufuga aanze kwa Bwana Nyama, yaani Afisa Wanyamapori wa wilaya, aulize masharti. Asianze kwa kukamata.

Kwa mwenye kibali: jihadhari na baridi

Kobe hana moto wake mwilini kama mbuzi. Joto hulipata kwa jua na kwa ardhi. Mwezi wa Juni na Julai usiku wa Tabora huweza kushuka hadi nyuzi 15 au chini yake. Kobe aliyepoa hawezi kusaga chakula tumboni. Lakini adui mkubwa zaidi ni baridi pamoja na unyevu. Hapo ndipo hupata kichomi: pua hutoa kamasi, mdomo huachama, shingo hunyooshwa akitafuta pumzi. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Mjengee kibanda cha udongo chenye kuta nene na paa la udongo, mithili ya tembe ndogo. Ukuta mnene hutunza joto la mchana hadi usiku. Sakafu iinuliwe, itandikwe nyasi kavu, na mlango uelekee mashariki apate jua la asubuhi.

2. Ua uwe na ukuta wa matofali, siyo waya. Kobe akiona nje husukuma mchana kutwa mpaka ajiumize. Weka pia kivuli, kwa maana jua la Oktoba nalo huua.

3. Mpe nyasi na majani ya porini. Usimpe ugali wala makombo ya mezani. Maganda ya mayai yaliyosagwa humpa chokaa ya kujenga gamba. Porini hutafuna mifupa mikavu, hata kinyesi cheupe cha fisi, kwa haja hiyohiyo.

4. Maji yawe katika chombo kipana kisicho na kina. Asikate nyasi za shamba la tumbaku lililopigwa dawa.

5. Kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni, hasa watoto, kwani kobe huweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Akitaka kutaga, jike hulowesha ardhi kwa mkojo, akachimba kwa miguu ya nyuma. Afadhali uyaache mayai palepale, uweke uzio mdogo. Ikibidi kuyahamisha, usiyageuze: upande wa juu ubaki juu. Watoto hutoka mvua inapolainisha udongo, nao wakae katika ua wao uliofunikwa.

Msidhani ulinzi ni jambo dogo. Mwaka 1919 kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, kilipelekewa kobe wakubwa 4 kutoka Shelisheli. Walizaana hadi kufikia kama 200 mwaka 1955. Kisha wezi wakaingia, na kufika mwaka 1996 walihesabiwa 7 tu. Kazi ya watu wa miaka mingi iliondoka ndani ya magunia.

Kwa asiye na kibali

Wengi wetu hatutafuga, na si lazima. Lakini shamba lako ndilo nyumba ya kobe. Kabla ya kuchoma takataka za shamba, pita kwanza ukikagua vichaka na mashina. Kobe hawezi kuukimbia moto. Choma kidogo kidogo, tena kuanzia upande mmoja, asizungukwe. Ukimkuta, mnyanyue polepole, umweke kwenye kichaka kilicho karibu. Usimpeleke mbali, maana anayajua mapito yake. Na mrina asali naye azime mwenge wake barabara kabla ya kuondoka.

Basi, ndugu wakulima, tukumbushane: kobe wa shambani aachwe alipo, kobe wa uani awe na kibali na mahali pakavu penye joto, na mnunuzi wa usiku aende zake mikono mitupu.