Dawa ya punje mu mashamba yetu: inasaidia, lakini inaua pia



Mshahara hautoshi, sote tunajua. Ndiyo maana familia nyingi za mugodi ziko na shamba ya mahindi. Na tangu viwavi jeshi vamizi (chenille légionnaire d'automne) walionekana Afrika mu 2016, mahindi inaliwa kuanzia ndani.

Mwaka jana mwenzetu mumoja wa zamu ya usiku alinunua dawa ya punje sokoni, mu sashe isiyo na jina. Bibi yake akaimwanga chini, sawa vile wanarushia kuku chakula. Hakuna mutu alimuonyesha. Kesho yake kuku saba walikuwa wamekufa. Siye tukajiuliza: na kama ingekuwa mtoto?

Hii dawa inafanya kazi namna gani? Punje si sumu yote. Ni kipande kidogo cha udongo mukavu ao mchanga, chenye kubeba sumu kidogo. Unaitia mu moyo wa muhindi, pale majani inajikunja. Inateremuka mpaka pale kidudu kinajificha. Umande na mvula vinatoa sumu pole pole. Dawa ya kupuliza inapeperushwa na upepo, lakini punje ni nzito, inabaki pale umeiweka. Ingine inafukiwa pamoja na mbegu: mizizi inainywa, na mdudu akila mmea anakufa.

Lakini ndege na kuku wanaona punje sawa mbegu. Punje za karbofurani ziliua ndege wengi, mpaka Marekani ikakataza karibu matumizi yake yote mu miaka ya 1990. Mu 2017 karbofurani iliingia mu Mkataba wa Rotterdam: nchi inapashwa kukubali kwanza kabla iletwe.

Siye wa mugodi tunajua vumbi inaua bila kelele. Chini ya mfuko wa punje vumbi iko pia. Kwa hiyo, vaa mukono wa mpira na maski. Usinunue dawa isiyo na karatasi ya maelezo. Usiiweke mu chupa ya sukali ao karibu na bunga. Ikianguka chini, ifukie. Fuata siku za kungojea mbele ya kuvuna.

Na kama viwavi ni wachache, ponda mayai yao kwa vidole, tia majivu ao mchanga mu moyo wa muhindi. Hiyo haina bei, na haiui mutoto wa mutu.