Ngozi Husomwa

Kijana mmoja wa Koboko alinijia baada ya ibada, akapandisha mkono wa shati. Chini kidogo ya kiwiko alikuwa amechorwa msalaba, kingo zake bado zimevimba. Mzee wa kanisa alikuwa amemnyima meza ya Bwana mpaka aufute. "Mchungaji, nimekosa nini?"

Mzee alikuwa ameshika Walawi 19:28. Aya hiyo inakataza kujichanja kwa ajili ya wafu na kujichora alama mwilini; iliyoitangulia inakataza kunyoa denge na kuharibu ndevu, na sijaona mzee akisimama mlangoni kwa kinyozi wa Arua na Biblia mkononi. Wakopti wa Misri huchorwa msalaba kwenye kifundo cha mkono tangu zamani. Huku kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, wazee wa Kinuer wenye mistari sita kwenye paji la uso husali bila kuulizwa. Kwa sheria peke yake, kijana ameshinda kesi.

Lakini Wakorintho walipomuuliza Paulo juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, hakuishia kwenye sheria. Alikubali kwamba sanamu si kitu, kisha akauliza: ni nani anayekuona ukila?

Huku kwetu West Nile, Uganda, ngozi imesomwa siku nyingi. Wapo vikongwe wa Kilugbara waliong'olewa meno ya mbele ya chini wakiwa wadogo. Wakiimba tenzi unaona ulimi ukigonga pengo. Wanubi walichanjwa mistari mitatu kila shavu, na kwa kuwa inafanana na tarakimu 111, wakapachikwa jina la One Eleven. Idi Amin, ambaye kwao ni Koboko, alipopinduliwa mwaka 1979, askari wa serikali mpya walilipiza kisasi kwa watu wa huku, na maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Siku zile shavu lilikuwa kitambulisho usichoweza kukiacha nyumbani.

Tena kuna chale za mganga, zile za wembe na dawa nyeusi ya kusugulia. Mama aliyeziacha alipookoka, akiona ngozi imechomwa ikatiwa rangi nyeusi, haoni fasheni. Anaona mlango alioufunga kwa taabu. Huyo ndiye "dhaifu" wa Paulo: mtu ambaye uhuru wako unaweza kumvuta arudi alikotoka.

Mzee wetu siye. Yeye amekasirika tu, na mwenye daftari la washirika mkononi hawezi kujiita dhaifu. Warumi 14 inamkataza anayekula kumdharau asiyekula, na asiyekula kumhukumu anayekula. Wazee wetu hulikariri lile la kwanza, la pili wakaliruka.

Nilimwambia mzee amrudishe kijana mezani. Alinuna, akakubali. Kisha nikamuuliza kijana, "Mwanangu, nyumbani unaishi na nani?"

"Na bibi."

"Ameuona?"

Akanyamaza. Bibi yake namjua; ana chale tatu juu ya titi, za enzi alipokuwa akizika watoto kila mwaka na kukimbilia kwa mganga. Hilo nilimweleza, basi. Sikumwagiza kitu.

Jumapili iliyofuata alishiriki. Bibi alikaa benchi la mbele. Ilikuwa Februari, jua la Koboko linachoma mabati, na kijana alikuwa amefunga vifungo vya mikono ya shati vyote viwili.