Kunguruma Bila Kupasua Koo

Majuzi mpwa wangu alifika kwangu akanisalimu kwa kupunga mkono tu. Nikadhani ni utovu wa adabu, kumbe sauti ilikuwa imemkauka. Kijana ameingia katika bendi ya metali, ule muziki mzito ambao mwimbaji hunguruma badala ya kuimba, na alikuwa amefanya mazoezi saa tatu mfululizo akipiga kelele kwa nguvu zake zote. Mimi ninayekula kwa sauti hii mnayoisikia kila wiki niliingiwa na hofu, nikaanza kuulizia.

Kumbe mabingwa wa muziki huo hawapigi kelele kama tunavyodhani. Ndani ya koromeo mna nyuzi mbili za sauti, ambazo mwanamume anapozungumza hutetemeka kadiri ya mara 100 kwa sekunde, na mwanamke mara 200. Ukipiga mayowe ya mtu aliyeporwa mkoba, nyuzi hizo hubamizana na kuvimba, na ukirudia kila siku huota vinundu kama sugu za mkono wa mkulima. Lakini juu yake kidogo ipo mikunjo mingine miwili, ambayo wataalamu huiita nyuzi bandia. Hiyo husaidia kufunga njia ya hewa tunapomeza au kujikaza. Ule mguno wa hamali akitia gunia begani, basi hapo ndipo mahali penyewe. Watu wa Tuva, kusini mwa Siberia, huitetemesha mikunjo hiyo katika uimbaji wao wa jadi uitwao kargyraa, nao walianza kabla gitaa la umeme halijabuniwa.

Anayejifunza huanza na pumzi ya tumboni, akihema taratibu kama anayetaka kutia ukungu kwenye kioo, kisha akiongeza mguno mpaka usikike mkwaruzo. Sauti yenyewe si kubwa. Maikrofoni ndiyo inayoifanya ionekane kama simba. Ukisikia maumivu au kuwashwa, acha siku hiyo. Nami nilijaribu studioni, nikashikwa na kikohozi hadi fundi mitambo akaja mbio na glasi ya maji.

Wako wanaofundisha kazi hii. Melissa Cross wa New York alitoa video ya mafunzo mwaka 2005, na miongoni mwa wanafunzi wake ni Randy Blythe wa bendi ya Lamb of God. Wala si mambo ya Marekani peke yake: mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, waliojiita Duma, walitoa albamu yao kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Duma hapa si yule mnyama mwenye mbio. Kwa Kikuyu ni giza.

Shangazi yake alimletea asali na tangawizi. Vitamu, lakini kinachomezwa hupita njia ya chakula, hakizigusi nyuzi za sauti. Dawa ni maji na kunyamaza, bila hata kunong'ona kwa nguvu, na ukwaruzo ukipita wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Mpwa wangu alinyamaza siku nne, akiomba chumvi mezani kwa kuandika kwenye karatasi. Sasa anafanya mazoezi bafuni dakika kumi kwa siku, na jirani bado hajaja kugonga mlango.